Wasomaji Wanauliza: Tunachoweka Mtandaoni Kinamfaa Nani Mtaani?

Barua za toleo hili zimezunguka jambo moja: picha, ramani, makala na jumbe ambazo wananchi wenyewe wanaziandaa na kuzirusha mtandaoni, je, zinaisaidia jamii au zinajaza simu tu? Tumejibu saba. Ya kwanza imechukua nafasi kubwa kwa sababu wengi wana shida hiyohiyo.

SWALI: Kila masika kikundi chetu kinarusha video za maji yalivyoingia majumbani. Watu wanasambaza, wanatupa pole, maji yakikauka kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Mwaka wa nne huu. Je, kuna faida kweli au tunachoma bando? (Kiongozi wa kikundi cha vijana, Dar es Salaam)

JIBU: Faida ipo, lakini si kwa video peke yake. Mama aliyebeba godoro kichwani anamgusa kila mtu. Ila fundi au mhandisi anayetakiwa kuzibua mtaro akiiona video hiyo, bado hajaambiwa afanye nini. Yeye anataka kujua mtaro unaanzia wapi, unaishia wapi, una upana na kina gani, ni wa zege au wa udongo, na umezibwa na nini.

Jiji lenu lenyewe lina mfano. Mwaka 2011 wakazi wa Tandale na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliichora kata hiyo kwenye OpenStreetMap, ramani huria ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuihariri. Desemba ya mwaka huo mafuriko yaliua watu wapatao 40 jijini. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria, ulioshirikisha Benki ya Dunia, Msalaba Mwekundu, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na wanafunzi wa vyuo vikuu, uliipeleka kazi hiyo kwenye kata nyingine zinazofurika. Vijana walitembea na mitaro yenyewe, simu mkononi.

Nanyi mnaweza. Mnahitaji simu janja yenye GPS, futi ya fundi ya mita 5, nondo iliyonyooka ya mita moja na nusu, daftari, chaki, mabuti ya mpira na glavu. Muwe watatu: mmoja anapima, mmoja anaandika, mmoja anapiga picha. Simameni kila baada ya mita 20, na popote mtaro unapopinda, unapobadilika upana au unapoingia kwenye kalavati. Kila kituo pimeni upana wa juu, upana wa chini na kina. Kisha zamisheni nondo mpaka igonge sakafu ya mtaro. Sehemu ya nondo iliyozama kwenye mchanga na taka ndiyo habari yenyewe.

Chukulieni mtaro wa sentimita 60 kwa 60 uliojaa mchanga hadi sentimita 30. Kwa macho utasema umebaki nusu. Maji yanayoweza kupita yamepungua kuliko hapo, yamebaki kama asilimia 40, kwa sababu maji machache katika njia ya upana uleule yanasuguana zaidi na sakafu na kuta. Namba kama hiyo ikiwa na picha yake ni ngumu kuipuuza.

Picha ipigwe futi ikiwa ndani ya mtaro, tarakimu zisomeke, na namba ya kituo iwe imeandikwa kwa chaki ukutani. Kilomita moja ni vituo 50. Mkitumia dakika nne kila kituo, ni saa tatu na dakika 20, asubuhi moja tu.

Kinachoharibika mara nyingi ni GPS. Kwenye uwazi simu hukosea kwa mita 3 hadi 5, lakini ukibanwa katikati ya kuta na mapaa ya bati inaweza kukosea kwa zaidi ya mita 10. Mitaro miwili iliyo sambamba itabadilishana nafasi kwenye ramani bila nyinyi kujua. Subirini dakika nzima kabla ya kuhifadhi kituo, na kwenye daftari andikeni kila mara "kulia ukielekea sokoni" au "kushoto". Kosa la pili ni kumuuliza mkazi maji yalifika sentimita ngapi. Hakuna anayekumbuka sentimita. Muulizeni yalifika wapi mwilini: kifundo, goti, kiuno au kifua. Kama mstari wa tope bado uko ukutani, pimeni kutoka chini hadi kwenye mstari, tena mapema kabla ukuta haujaoshwa.

Halafu ipo sehemu inayoviangusha vikundi vingi: karatasi. Barabara za mitaa na za wilaya ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Barabara kuu na za mkoa ni za wakala wa TANROADS, na taka ni kazi ya halmashauri. Mkimwandikia asiyehusika, barua italala. Chapisheni ramani ya ukurasa mmoja wa A3 yenye vituo vitatu vibaya kuliko vyote, vipimo na picha. Pelekeni masijala, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nyingine mpeni diwani na mwenyekiti wa mtaa. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai na mapendekezo ya bajeti hukusanywa miezi mingi kabla. Ndiyo maana barua ya mwezi Mei, iliyoandikwa maji yakiwa kifuani, hukuta fedha zimeshagawanywa. Pimeni mara tu mvua za masika zinapokwisha, barua iwahi.

Baada ya hapo ndipo mtandao unapofanya kazi yake: picha ya kituo namba 14, kina chake, na tarehe ya muhuri. Rudieni kila mwezi. Na msisubiri kila kitu kutoka juu. Vipimo vitawaonyesha mita 30 au 40 ambazo mnaweza kuzizibua wenyewe Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mkizoa tope, liondoeni lote siku hiyohiyo. Likiachwa ukingoni mvua ya kwanza italirudisha lilikotoka.

SWALI: Nimeongeza vyoo, vioski vya maji na zahanati kwenye ramani ya mtaa wetu. Siku tatu baadaye nusu yake imefutwa na mtu nisiyemjua. Kwa nini watu wananiharibia kazi? (Mwanafunzi, Nairobi)

JIBU: Bila shaka kuna sababu, na kila badiliko huacha maelezo. Fungua historia ya mahali hapo kwenye OpenStreetMap usome. Sababu tunazokutana nazo zaidi ni tatu.

Kwanza, kunakili kutoka Google Maps. Masharti ya Google hayaruhusu, na OpenStreetMap hufuta bila huruma kwa kuwa data yake hutolewa bure chini ya leseni iitwayo ODbL. Nakili moja ya wizi inaweza kuitia doa kazi ya mtaa mzima. Chora kutoka picha za setilaiti zilizoruhusiwa, kama za Bing na Esri zilizomo ndani ya kihariri chenyewe, au kutoka miguu yako.

Pili, kurudia kitu kilichokuwepo. Kibera, kwa mfano, ilikuwa doa tupu kwenye ramani hadi mwaka 2009 vijana wa pale walipoanza kuichora kupitia Map Kibera. Leo imejaa. Ukiongeza kioski juu ya kioski, mmoja utaondolewa, na pengine ni ule wako uliokuwa sahihi. Kuza ramani mpaka mwisho kabla ya kuongeza chochote.

Tatu, aina mbaya. Huko kwenu na Tanzania zahanati, kituo cha afya na hospitali si kitu kimoja. Ukiiita zahanati hospitali, bodaboda atampeleka pale mjamzito anayehitaji upasuaji, akute hakuna hata chumba cha upasuaji. Andika jina kamili kama lilivyo kwenye ubao wa mlangoni. Duka la dawa muhimu nalo si famasi. Na usiandike "choo" kwenye nafasi ya jina. Choo ni aina, jina ni kama lipo.

Mwisho, kila unapohifadhi, acha maelezo ya kueleweka: "Nimeongeza vioski 4 vya maji nilivyovitembelea leo." Anayekagua akisoma hivyo atakuuliza kwanza kabla ya kufuta. Ukiwa na Android, anza na StreetComplete, programu inayokuuliza maswali mafupi ya mahali ulipo, maana ni vigumu kukosea nayo.

SWALI: Kikundi chetu cha amani hupokea jumbe nyingi za vurugu wakati wa uchaguzi. Tukizitoa haraka tunaogopa kueneza uvumi. Tukichelewa watu wanaumia. Tufanyeje? (Mratibu, Nakuru)

JIBU: Hii ndiyo shida iliyozaa tovuti ya Ushahidi. Januari 2008, katika vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya na vyombo vya habari vikiwa vimebanwa, mwanablogu Ory Okolloh alipendekeza hadharani kwamba matukio ya vurugu yawekwe kwenye ramani. Ndani ya siku chache yeye, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walikuwa wamejenga tovuti ambapo mtu wa kawaida angeweza kutuma alichokiona. Tangu mwanzo swali lilikuwa hilo lako.

Gawanyeni kazi. Anayepokea ujumbe asiwe anayeutoa. Anayepokea aulize mambo manne: umeona kwa macho au umeambiwa? Ni wapi hasa, karibu na duka au kanisa gani? Saa ngapi? Umeona nini, si unadhani nini? Asiyeweza kujibu la kwanza, ujumbe wake ubaki kwenye daftari. Aliyeona kwa macho, mtafuteni mtu wa pili wa eneo hilohilo ambaye hamfahamu wa kwanza. Majirani wawili waliosoma kundi moja la WhatsApp ni shahidi mmoja.

Kwa picha, tazameni mishale miwili ya WhatsApp. Inamaanisha ujumbe umepita mikono mingi, hivyo aliyewatumia si aliyepiga. WhatsApp pia huondoa taarifa za mahali na saa picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Mwambieni aliyepiga aitume kama faili, taarifa zitabaki. Kisha itafuteni kwa Google Lens, maana picha za 2007 na 2008 hurudi kila uchaguzi. Angalieni vibao vya maduka, namba za magari, na kama ardhi imelowa siku ambayo hapakuwa na mvua.

Hatari ikiwa ya sasa hivi, msingoje uthibitisho wa mtandaoni. Pigeni 999 au 112 na mwelezeni chifu, mkisema wazi kwamba bado hamjathibitisha. Kumwarifu anayeweza kuokoa ni jambo moja, kutangaza kwa watu wote ni jingine. Na msitaje kabila la aliyefanya au aliyefanyiwa. Kwa anayetaka kukimbia, mahali na saa vinatosha. Kumbukeni pia kwamba Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ilipotungwa 2018 iliweka adhabu kwa kuchapisha habari za uongo.

SWALI: Niko mbali na nyumbani. Zaidi ya kutuma pesa, kuna kazi ya mtandaoni yenye maana ninayoweza kufanya jioni? (Msomaji, Toronto)

JIBU: Zipo mbili. Tetemeko la Haiti la 12 Januari 2010 lilizionyesha zote. Watu walioketi majumbani nchi mbalimbali walichora mitaa ya Port-au-Prince kutoka picha za setilaiti, na Wahaiti waishio ughaibuni wakatafsiri jumbe za simu zilizoandikwa kwa Krioli ili waokoaji waweze kuzisoma. Kazi hii ya pili ndiyo adimu. Mchoraji wa nyumba atapatikana popote, lakini anayejua kwamba "kwa Mama fulani nyuma ya msikiti" ni anwani kamili ni wewe.

Ya kuchora: jisajili OpenStreetMap, kisha uingie kwenye Tasking Manager, tovuti ya kugawa kazi ya HOT (kundi la OpenStreetMap la misaada ya kibinadamu), na uchague kazi ya Tanzania, Kenya au Congo iliyoandikwa ya wanaoanza. Utapewa mraba mmoja. Chora nyumba kufuata msingi wake, si ncha ya paa, kwa kuwa setilaiti hupiga kwa mshazari na paa huonekana limesogea. Bonyeza Q kunyoosha kona, lakini si kwenye msonge, huo una chombo chake cha duara. Usibuni jina la barabara wala la kijiji hata kama unaona kama unapakumbuka. Jina linatoka kwa aliyeko pale. Nyumba 50 sahihi ni bora kuliko 300 ambazo mkaguzi atazifuta.

SWALI: Tunahifadhi wasichana wanaokimbia ukeketaji. Wafadhili wanataka picha na habari za mtandaoni kila mwezi. Tuweke nini na tusiweke nini? (Mhudumu, Mkoa wa Mara)

JIBU: Wekeni barabara, msiweke nyumba. Kazi ya Crowd2Map, iliyoanza 2015 kuchora vijiji vya Tanzania, ilisukumwa na hitaji hilo la Mara: msichana anapiga simu usiku, anataja kijiji, na dereva hajui njia. Barabara, vijito, madaraja, shule na majina ya vijiji vikiwa kwenye ramani, gari linafika. Programu kama OsmAnd huonyesha ramani hiyo bila mtandao, mradi mmeipakua mapema. Lakini makao yanayowahifadhi, njia mnazopitia na siku za kusafirisha visionekane popote.

Picha ya uso wa mtoto isitoke, hata mzazi akiridhia. Anayemtafuta huenda ni mzazi huyohuyo. Ukungu unaowekwa kwenye uso hautoshi, maana sare ya shule, kovu au kitenge kinatambulika. Pigeni picha za mikono ikishona au ikiandika, ukuta usiwe na kibao. Zimeni taarifa za mahali kwenye kamera kabla ya kupiga. Ile tabia ya WhatsApp ya kuzifuta tuliyoitaja juu hapa inawasaidia, lakini mfadhili akiomba picha halisi kama faili, kila kitu kinakwenda nayo.

Habari ya msichana mmoja mmoja iandikwe bila umri kamili, kijiji wala tarehe kwa pamoja. Viwili kati ya hivyo vinatosha kumtambua. Mfadhili aking'ang'ania, mwonyesheni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kwenye ukurasa wenu wekeni namba ya simu kwa mtoto, 116, ambayo ni bure. Hiyo pekee ina faida kuliko picha kumi.

SWALI: Blogu ya kijiji nayo inahitaji leseni? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu kuomba leseni TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania: shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 ya leseni na 1,000,000 kila mwaka, na asiyetii alikabiliwa na faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12. Kwa mtu anayetangaza siku ya chanjo na bei ya mahindi, ada hiyo ilikuwa ya kumfunga mdomo. Kanuni ziliandikwa upya 2020 na zikarekebishwa tena baadaye, ada zikabadilika. Usiende na bei ya kusikia. Iandikie ofisi ya kanda ya TCRA, eleza unachoandika na kama unapata pesa za matangazo, na utunze jibu lao.

SWALI: Walimu wetu wangependa wanafunzi wasome na kuandika Wikipedia ya Kiswahili, lakini shule haina intaneti. Tufanye nini? (Mwalimu, Kigoma)

JIBU: Kusoma ni rahisi. Programu ya bure iitwayo Kiwix hufungua Wikipedia nzima kutoka faili moja lenye mwisho wa .zim. Mtu mmoja apakue faili la Kiswahili mjini penye mtandao mzuri, aliweke kwenye kadi ya kumbukumbu, kisha mlinakili kwenye kila kompyuta na simu ya shule. Kadi kubwa iandaliwe kwa exFAT, kwa sababu mpangilio wa zamani wa FAT32 haupokei faili linalofika GB 4, na ukiweka pia la Kiingereza utakwama hapo bila kujua kwa nini.

Kuandika kunahitaji maandalizi. Toleo la Kiswahili lipo tangu 2003, na makala nyingi bado ni mistari miwili mitatu, kwa hiyo wanafunzi hawatakosa kazi. Wachague jambo lililoandikwa vitabuni: samaki wa Ziwa Tanganyika, reli ya kati, kilimo cha michikichi. Waandike daftarini kwa maneno yao, na kila aya iwe na jina la kitabu, mwaka na ukurasa. Makala isiyo na chanzo itafutwa. Iliyonakiliwa gazetini itafutwa mapema zaidi, na tafsiri ya mashine huonekana kwenye sentensi ya kwanza. Msiandike kuhusu shule yenu wenyewe. Mwalimu akienda mjini apakie makala tano au sita kwa akaunti yake, arudi kuzitazama baada ya wiki, na awasomee wanafunzi maoni ya wakaguzi. Makala zao zitaonekana kwenye Kiwix pale tu faili jipya litakapotolewa na mkalipakua upya, kwa hiyo andikeni tarehe ya faili kwenye kadi.